Daftari la Maswali Kabla ya Kurudi Birmingham

Nimebakiwa na siku kumi na mbili kabla ya kupanda ndege kurudi Uingereza, ambako nitaanza mwaka wa pili wa mafunzo ya utumishi wa Kanisa, na sanduku langu bado liko uvunguni mwa kitanda, pale nilipolisukuma mwezi wa Julai. Mama hulitupia jicho kila anapopita, na hunikumbusha kwamba mwaka jana, siku kama hizi, nilikuwa nimekwisha kulipanga na kulipangua mara tatu. Ni kweli. Mwaka jana maandalizi yangu yote yalikuwa ya sanduku na ya karatasi: safari za boti kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya kipimo cha kifua kikuu na alama za vidole za viza, mtihani wa Kiingereza, barua ya Askofu, cheti cha ubatizo, sweta mbili za mtumba kutoka Darajani. Niliamini kwamba mtu akishayapata hayo amekwisha kujiandaa. Leo najua kwamba niliondoka mikono mitupu, na ninaandika makala haya ili kueleza jinsi ninavyojitahidi kutolirudia kosa hilo, hasa kwa ajili ya vijana wenzangu wa visiwani ambao wameanza kufikiria njia hii na huniandikia kuuliza wabebe nini.

Chuo chetu cha Birmingham ni kidogo, na wanafunzi wake ni Waanglikana na Wamethodisti wanaolelewa pamoja. Shahada zetu hutolewa na Chuo Kikuu cha Durham, kama ilivyo kwa vyuo vingi vinavyoandaa watumishi wa Kanisa la Uingereza tangu mwaka 2014. Siku huanza kwa sala ya asubuhi, kisha hufuata vipindi vya Agano la Kale, Agano Jipya, historia ya Kanisa, liturjia, maadili na namna ya kuhubiri. Baridi niliizoea, na insha nilizizoea taratibu. Kilichonielemea kwa muda mrefu ni ile kazi inayoitwa tafakuri ya kitheolojia, ambamo mwanafunzi hutakiwa kulichukua jambo lililomtokea, alihoji, aliweke mbele ya Maandiko na mapokeo ya Kanisa, kisha aseme limembadilisha vipi. Mimi nimelelewa katika skuli ambamo mwanafunzi mzuri ni yule anayerudisha kwa usahihi alichofundishwa, na katika nyumba ambamo kijana haizungumzii nafsi yake mbele ya wakubwa. Kumwita mwalimu mwenye mvi kwa jina lake la kwanza, bila shikamoo, kulinichukua miezi kadhaa, na kuandika "mimi naona" kulinichukua zaidi.

Basi mwezi wa Juni, katika mazungumzo ya kufunga mwaka, mwalimu anayesimamia malezi yangu aliniuliza swali moja tu: watu waliokutuma wanataka urudi na jibu la jambo gani? Nilianza kumjibu, nikakwama. Nilijua kwamba Dayosisi ina upungufu wa mapadri, na nilijua kwamba Askofu anataka nifaulu. Lakini swali la watu wenyewe, la wale wanaokaa kwenye mabenchi ya makanisa yetu ya Mbweni na Mkunazini hapa Unguja, la wanakwaya, la wazee, la askari na la wafanyakazi wa hoteli, sikuwa nalo hata moja, kwa sababu sikuwahi kuwauliza. Walikuwa wamenichangia nauli, wameniombea, wamenisindikiza hadi uwanja wa ndege, nami niliwaaga wote bila kumuuliza hata mmoja wao anachokitaka. Usiku ule sikulala vizuri.

Nilirudi nyumbani wiki ile ambayo watu wa Makunduchi walikuwa wakiadhimisha Mwaka Kogwa, na nilipokuwa kwenye daladala nikiwasikia abiria wakizungumzia mapigano ya migomba na kibanda kinachochomwa moto, nilikumbuka kwamba sisi watu wa visiwa hivi tuna miaka mipya mingi: huu wa Makunduchi, ule wa Hijria, ule wa Januari unaofungua skuli zetu, na kwa Wakristo ule unaoanza na Majilio. Mwaka mpya wa chuo changu huanza mwishoni mwa Septemba, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote, wakati huku pepo za kusi zinapoanza kulegea. Nilikuwa na wiki tisa. Siku ya pili nilinunua daftari la kurasa mia mbili, nikauacha ukurasa wa kwanza mtupu, na nikaanza kuwauliza watu.

Niliyeanza naye ni mama. Nilimuuliza tukiwa jikoni, akikuna nazi, naye hakusita hata kidogo, kana kwamba swali lile alikuwa amelihifadhi kwa miaka. "Mwanangu," alisema, "mimi nataka kujua kwa nini padri akisharudi kutoka Ulaya huhubiri kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa mtu mwingine." Niliandika maneno yake kama alivyoyasema. Sina hakika kama yanawahusu mapadri wote waliosoma nje, na nawajua ambao hayawahusu kabisa, lakini nilikumbuka mahubiri mawili niliyoyatoa darasani mwaka jana, ambayo niliyatunga kwa Kiingereza na kuyasoma neno kwa neno, na nikaona kwamba mama alikuwa amenisikia akiwa umbali wa zaidi ya maili elfu nne.

Maswali mengine yalikuja kwa kasi ambayo sikuitegemea. Mzee mmoja wa Mbweni, ambaye ukoo wake uko pale tangu misheni ilipoyafanya mashamba yale kuwa makazi ya watumwa walioachwa huru katika miaka ya 1870, aliuliza kama Kanisa litaandika habari za mababu zake kabla yeye hajafa nazo. Mama mmoja wa kwaya aliuliza kwa nini nyimbo tunazoziimba bado zinafuata sauti za Kizungu ilhali taarabu imetuzunguka. Dada mmoja, ambaye kaka yake alisilimu alipooa, aliniuliza atasimama wapi siku ya maziko yake, na kama kuna sala anayoweza kuisema kimoyomoyo bila kuwavunjia heshima wenyeji. Mwalimu mwenzangu wa zamani aliuliza afanye nini na mtoto wake wa darasa la nne, ambaye kipindi cha dini kinapofika hutoka nje na kukaa peke yake chini ya mwembe. Hayo si maswali ya kujibiwa kwa insha, na wote walioniuliza walilijua hilo.

Lakini swali lililonikalia moyoni zaidi kwa wiki nyingi sikulipata mjini. Siku hizi anayetaka kujua Wakristo wa Unguja wako wapi hawezi kuishia Mkunazini na Minara Miwili, kanisa kuu la Wakatoliki. Itambidi apande gari aende Nungwi, Kiwengwa, Paje na Jambiani, ambako mamia ya vijana kutoka Tanga, Mbeya, Kilimanjaro na Mara wanafanya kazi ya upishi, usafi wa vyumba, ulinzi na bustani katika hoteli za pwani. Wengi wao ni Wakristo, na wengi hawajaingia kanisani tangu walipovuka bahari, wala si kwa sababu wameacha imani. Jumapili ni siku ambayo wageni huondoka na wengine hufika, na mfanyakazi anayeomba ruhusa siku hiyo anajiweka mashakani. Rafiki yangu mmoja alinipeleka kwenye chumba cha kupanga, mahali fulani nyuma ya hoteli za mashariki, ambapo vijana saba hukutana saa nne usiku baada ya zamu: Wakatoliki wawili, Mlutheri, Mwanglikana, na watatu wa makanisa ya Kipentekoste. Wana Biblia mbili na simu moja yenye nyimbo. Mpishi mmoja kutoka Mbeya aliniuliza, "Kaka, hivi Kanisa linaijua Jumapili tu? Mimi mapumziko yangu ni Jumanne. Ningempata padri Jumanne, ningekuja hata kwa miguu."

Nilirudi mjini usiku ule nikiwa na mawazo mengi, na kati ya Paje na mjini ndipo nilipokumbuka somo ambalo mwaka jana nililisoma kwa ajili ya mtihani tu. Katika historia ya Kanisa tulifundishwa kwamba kwa karibu miaka mia tatu ya mwanzo Jumapili ilikuwa siku ya kazi kama nyingine, mpaka Kaisari Konstantino alipoifanya siku ya mapumziko kwa sheria ya mwaka 321, na kwamba gavana Plinio, mwanzoni mwa karne ya pili, alimwandikia Kaisari Trajano kuhusu Wakristo waliokutana kabla ya kupambazuka. Nilikuwa nimeyakariri hayo kama tarehe. Sikuwa nimewaona watu wenyewe: watumwa, wapishi, wafua nguo, wanaoamka gizani ili wamwimbie Kristo kabla bwana wao hajaamka. Wale vijana saba wa saa nne usiku wako karibu zaidi na Kanisa lile la mwanzo kuliko sisi tunaopiga kengele saa mbili asubuhi. Mwaka huu nimekwisha kuomba kwa barua kwamba insha yangu ndefu iwe juu ya ibada ya Wakristo wasiokuwa na Jumapili, na mwalimu amekubali.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni bibi wa Kiislamu ambaye sote nyumbani tunamwita Bibi tu, kwa kuwa ndiye aliyetulea mama alipokuwa kazini. Nilimwendea nikiwa na daftari langu, nikamwamkia, nikamweleza kwamba nakusanya maswali ya watu ili niende nayo shuleni. Nilidhani ataniambia kwamba mambo ya kanisa hayamhusu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Huko mnakofundishwa, baba, habari zetu sisi mnafundishwa na nani?"

Swali hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Kwa sensa ya mwaka 2021, katika kila watu mia wa Birmingham thelathini na wanne walijitaja kuwa Wakristo, na takriban thelathini kuwa Waislamu, kwa hiyo chuo chetu hakiwezi kuwaandaa wachungaji bila kuwafundisha kuishi na majirani hao. Tulikuwa na kozi nzima. Ilifundishwa kwa uangalifu na kwa heshima, tulitembelea msikiti, tulipokewa vizuri. Hata hivyo baadhi ya wenzangu walikuja na hofu walizozipata kwenye habari, na wengine walikuwa hawajawahi kula chakula katika nyumba ya Mwislamu hata siku moja, na mimi, niliyekuwa peke yangu darasani mle kulelewa na mwanamke wa Kiislamu, nilinyamaza muhula mzima kwa sababu nilidhani ninachokijua si elimu. Sikuwaambia kwamba sahani za futari huvuka ukuta wetu kila Ramadhani na sahani za pilau huurudia siku ya Krismasi. Sikuwaambia kwamba wiki zangu za kwanza Birmingham nilikuwa nikiamka kwa mshituko alfajiri, nisijue kimekosekana nini, mpaka nilipotambua kwamba ni adhana. Nimezaliwa nikiisikia, na sala yangu ya asubuhi imezoea kuanza inapokwisha.

Wala sikuwaambia upande mwingine, ambao ni wa kweli vilevile. Makanisa yamewahi kuchomwa moto hapa Unguja, na mwezi wa Februari mwaka 2013 padri wa Kikatoliki alipigwa risasi akauawa asubuhi ya Jumapili akielekea kuadhimisha Misa. Nilikuwa kijana mdogo wakati huo, na nakumbuka tulivyofunga milango. Nakumbuka pia kwamba jioni ile Bibi alikuja, akaketi na mama bila kusema neno mpaka usiku ukawa mwingi. Nikisimama mbele ya wenzangu mwaka huu nitayasema yote mawili pamoja, kwa sababu anayesema moja tu anadanganya. Nimeomba parishi yangu ya mazoezi iwe katika mtaa ambao majirani wengi wa kanisa ni Waislamu, na jioni tatu mfululizo nimekaa barazani kwa Bibi kumuuliza angependa padri ajue nini. Jibu lake moja nimeliandika kwa wino mwekundu: "Waambie sisi tukiisikia kengele yenu hatuchukii. Tunajua saa imefika ngapi."

Katika wiki hizi nimekuwa nikipitia Mkunazini mara kwa mara, si kwa ibada tu. Kanisa Kuu la Kristo limejengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, ambalo Sultani Barghash alilifunga mwaka 1873, na jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka huohuo. Wageni huonyeshwa altare, wakaelezwa kwamba hapo ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa, na huonyeshwa msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambako moyo wa mmisionari David Livingstone ulizikwa. Mimi hupita nyuma ya altare, alipozikwa Askofu Edward Steere mwaka 1882. Steere alifika Unguja mwaka 1864 akiwa msomi wa sheria, mtu aliyezoea vitabu, lakini alikaa chini akawasikiliza watu wa mji huu, akaandika hadithi zao kama walivyozisimulia, na mwaka 1870 zikachapishwa London. Sarufi yake ya Kiswahili nayo ilitoka mwaka huohuo. Lahaja hiyohiyo ya Kiunguja aliyoisikiliza ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Nilipokuwa skuli tulifundishwa kumshukuru kwa alichotufundisha. Sasa ninayesafiri ni mimi, na ninachotaka kujifunza kwake ni kule kusikiliza, kwa kuwa mji ninaouendea nao una lugha zake, hadithi zake na majonzi yake, na mwaka jana nilipita ndani yake kama abiria.

Ila anayenishughulisha zaidi ni Cecil Majaliwa. Alikombolewa utumwani akiwa mtoto, akasoma Kiungani, umbali mfupi kutoka hapa ninapoandikia, akapelekwa chuo cha St Augustine's huko Canterbury, na mwaka 1890 akapewa upadri katika kanisa hilihili la Mkunazini, akiwa Mwafrika wa kwanza wa UMCA, ile misheni ya Kianglikana iliyolijenga kanisa hili, kulifikia daraja hilo. Kwa hiyo njia ninayoipita si mpya. Kijana wa Unguja alikwenda Uingereza kujifunza utumishi zaidi ya miaka mia moja na thelathini iliyopita, tena kwa meli, bila simu ya kumpigia mama yake. Alihudumu miaka mingi Chitangali, kusini mwa Tanzania bara ya leo, Myao miongoni mwa Wayao, mbali na walimu wake wote. Huwa najiuliza ni yapi aliyoyapata Canterbury ambayo yalimfaa kule, na ni yapi aliyoyaweka kando kimya kimya. Laiti tungekuwa na daftari lake! Mzee wa Mbweni anayetaka habari za mababu zake ziandikwe ana haki kabisa, na nimemwahidi kwamba kabla sijaondoka tutakaa naye siku mbili na kinasa sauti, kazi ambayo haihitaji shahada yoyote na ambayo ningeweza kuifanya miaka mitano iliyopita.

Maandalizi ya kitabuni nayo yanaendelea. Somo jipya linaloningoja ni Kigiriki cha Agano Jipya, na nimeanza mapema, saa moja kila siku kati ya adhana ya alfajiri na chai. Nilitishwa sana na wenzangu kuhusu somo hilo, lakini nimegundua jambo linalonifurahisha: kitenzi cha Kigiriki hubeba ndani yake mtendaji na wakati, kama cha kwetu. Mwingereza huhitaji maneno matatu pale ambapo Mgiriki husema "luso" na sisi tukasema "nitafungua". Ninasoma Injili ya Yohana nikiwa na Biblia ya Kiswahili pembeni, ile tafsiri ya mwaka 1952 tunayoisoma kanisani, na katika sura ya kwanza, aya ya 14, nilisimama siku nzima. Kitenzi cha Kigiriki pale kina picha ya mtu aliyepiga hema. Kiingereza husema kwamba Neno alikaa kati ya watu. Kiswahili kinasema "akakaa kwetu", na kwetu ni zaidi ya kati yetu. Kwetu ni pale mtu anapopataja akiulizwa kwao ni wapi, ni ua, ni kisima, ni makaburi ya wazee. Nimeisikia aya hiyo kila Krismasi tangu utotoni na sikuwahi kuisikia. Nikiulizwa Birmingham mahubiri yangu ya kwanza ya mwaka yatahusu nini, jibu ninalo, na safari hii nitayatunga kwa Kiswahili kwanza, nikayasema kwa sauti chumbani mwangu, ndipo niyatafutie Kiingereza chake. Mama atanielewa.

Ya sanduku hayatachukua muda. Viza yangu bado ina uhai na sasa ni ya kielektroniki, kwa hiyo kilichobaki ni kuhakikisha kwamba akaunti yake inaonyesha pasipoti sahihi kabla ya kufika uwanjani. Anayesafiri mwaka huu asilidharau hilo. Nabeba karafuu, hiliki na mdalasini, kanga mbili nilizopewa na Umoja wa Akina Mama, Kitabu cha Sala cha Kiswahili, na daftari. Sweta ziko kulekule nilikoziacha.

Wiki iliyopita nilikwenda Pemba. Nilipanda boti hadi Mkoani, nikachukua gari kupita Chake Chake, na njia nzima ilinukia karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, kwa kuwa ni msimu wa mavuno. Wakristo wa Pemba ni wachache sana, na padri hafiki kila wiki, kwa hiyo Jumapili nyingi ibada huongozwa na katekista ambaye sasa ana umri wa miaka sabini na ushei. Nililala nyumbani kwake siku mbili. Nilimuuliza huandaaje mahubiri bila vitabu, naye akanieleza kwamba Jumatatu husoma somo la Jumapili inayofuata kwa sauti, mbele ya mkewe, ambaye hakujaaliwa kujua kusoma. Mkewe husikiliza akiwa anachambua mchele au anaondoa vikonyo vya karafuu, kisha huuliza kile asichokielewa au kisichompendeza. Katekista hukaa na swali hilo wiki nzima, shambani na njiani, na Jumapili hulijibu mbele ya watu. "Sijawahi kuhubiri neno ambalo hakuliuliza," aliniambia. Ameifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini na nne. Nilimsikia Jumapili ile akiwahubiria watu kumi na tisa, bila karatasi, na nilitamani mama angekuwepo.

Usiku wa kuamkia safari ya kurudi Unguja nilimfungulia katekista daftari langu, nikamsomea maswali yote niliyoyakusanya, arobaini na moja, naye akayasikiliza hadi la mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Nikamwomba na yeye aniongezee lake. Alisema yake si ya vitabuni. Nilipomsihi, alinyanyua kichwa akanitazama, akauliza, "Ukisha kuwa padri, mwanangu, utakubali kuletwa Pemba?"

Sikumjibu, naye hakunihimiza nimjibu. Asubuhi, ndani ya boti, bahari ikiwa imetulia na Mkoani ikipungua nyuma yetu, nilifungua ule ukurasa wa kwanza niliokuwa nimeuacha mtupu, nikaliandika swali lake hapo.